Waliopanda Juu ya Nyama

Mafuta yalionekana kwanza siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, kwenye sakafu ya ndege ya mizigo ambayo haikuwa imeruka tangu mwaka themanini na tano.

Primitiva Chuquimia alikuwa amepanda ngazi na ndoo yake, sketi zake pana kazikunja kiunoni. Hatua ya kwanza tu aliteleza, akashika ukuta. Alipoinama kugusa, ilikuwa shahamu ya ng'ombe: nyeupe, ngumu, imeganda unene wa kidole juu ya mbao, kuanzia mlangoni hadi kwenye giza la mkiani. Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Kwao wote walikuwa wauza nyama. Shahamu aliijua kabla hajajua kusoma.

Akatoa kichwa nje, akapiga kelele iliyozunguka banda zima.

"Fundi! Umepika nini humu ndani, mwana wa watu?"

Eusebio Ticona, fundi wa makumbusho, akachomoza chini ya ndege ya kivita, masharubu yamejaa vumbi la rangi. "Mimi? Mke wangu hata yai haniruhusu kukaanga."

"Basi nani?"

"Muulize Kanali. Labda anafungua hoteli."

Wakacheka, lakini kicheko hakikwenda mbali. Jumatatu makumbusho hufungwa, na funguo walikuwa nazo watu watatu tu: wao wawili na Kanali Rodolfo Urioste, mwanajeshi mstaafu aliyeyaanzisha na rafiki zake katika banda kuukuu pembeni mwa uwanja wa ndege wa El Alto. Humo mlikuwa na ndege kumi na nne: za kivita zenye pua kali, za kufundishia marubani, moja ya abiria ambayo mapazia yake bado yalining'inia madirishani, na hili dubwana la rangi ya fedha, lenye injini mbili, ambalo zamani lilileta nyama kutoka nchi ya joto ya Beni likivuka milima.

Primitiva alikwangua kwa kisu mpaka saa sita. Jumatano asubuhi shahamu ilikuwepo tena. Alhamisi ilikuwepo, safari hii pamoja na harufu. Haikuwa ya kitu kilichooza. Ilikuwa ya nyama mbichi, ya ng'ombe aliyechinjwa saa hiyohiyo, damu yenye joto ilipokutana na baridi. Wanafunzi waliokuja kutembelea wakaziba pua, na Kanali akashuka kutoka ofisini akiwa amevimba.

"Wewe mama, hapa ni makumbusho au bucha?"

"Afande, nasafisha kila siku."

"Unasafisha! Unaficha minofu yako ya sokoni humo, halafu unaniambia unasafisha. Jumamosi ya wiki ijayo nina wageni, wazee wa jeshi na watu wa televisheni. Nazindua kibao cha mashujaa waliokufa na ndege za nyama. Nikisikia harufu hii tena, wewe na ndoo yako mtakwenda kuuza karanga barabarani. Umenielewa?"

"Ndiyo, afande."

Alijibu meno yamebanana. Alikuwa akijibu hivyo kwa miaka sita.

Ijumaa, saa sita mchana, jua likiwa limewaka juu ya bati mpaka bati linalia, Eusebio aliingia na tochi kutafuta panya aliyekufa. Primitiva alibaki chini ameshika ngazi. Akaona mlango ukijifunga, polepole, kama unaofungwa na mtu aliyechoka.

Kwanza ilikuja baridi. Eusebio alisimulia baadaye. Kisha sauti za wanawake. Hawakuwa wakilia. Walikuwa wakizungumza Kiaymara, lugha ya kwao, mazungumzo ya safarini, ya bei na ya watoto, mmoja akacheka, mmoja akakohoa, kikohozi kikamwambukiza wa pili na wa tatu mpaka wote wakawa wanakohoa kikohozi kikavu cha watu waliokosa hewa, na katikati ya kukohoa kule kitu kikaanza kukwaruza ukuta kutokea chini sakafuni, kucha juu ya bati, kikikwaruza na kutulia, kikikwaruza na kutulia, kikizidi kumsogelea pale alipokuwa akiugonga mlango kwa ngumi zote mbili na kuliita jina la mama yake.

Primitiva alipofanikiwa kuufungua kwa mtaimbo, fundi alimwangukia. Masharubu yake yalikuwa meupe kwa barafu. Saa sita mchana.

Walijificha chini ya bawa, wakanong'ona.

"Ni jini," Eusebio alisema, meno yanagongana. "Jini wa mlimani. Alikuja na hii nusu ya nyuma."

"Nusu gani?"

"Hii ndege ni mbili, mama. Hukujua?" Akamwonyesha mstari wa misumari ya ribiti uliolizunguka tumbo la ndege. "Mbele ni yake. Mkia na mlango vimetoka kwenye ndege nyingine ya kampuni ileile, iliyoanguka kwenye mlima Huayna Potosí. Walisubiri theluji ipungue, wakapanda, wakakata kilichobaki kizima, wakaunga hapa. Tarehe ya kuanguka imegongwa kwenye bati, soma. Machi, sabini na tisa."

Primitiva aliutoa mkono wake kwenye bati kama aliyeungua.

Machi sabini na tisa, dada yake Bonifacia alikwenda Beni kununua nyama, akamwachia binti yake Yola, wa miaka miwili. Alisema atarudi na ndege ya Alhamisi au ya Jumamosi. Ndege zile hazikuruhusiwa kubeba abiria, lakini wauza nyama walipanda hivyohivyo, wakakaa juu ya mapande ya ng'ombe, shali zimefunika vichwa na majani ya koka yamejaa mashavuni. Ya Alhamisi ikaanguka. Baba yao akaenda kuuliza, na luteni mmoja aliyekuwa amepanda mlimani akamwonyesha karatasi: waliokufa ni watatu, rubani, msaidizi wake na fundi. Mwanamke hakuna. Ya Jumamosi nayo ilikuwa imekuja bila Bonifacia. Kisha karani wa kampuni akaleta habari kwamba ameonekana sokoni kule Beni, na mwanaume.

Baba akaamini, akakataza jina lake lisitajwe nyumbani. Primitiva alikuwa na miaka kumi na tisa na mchumba. Akaachiwa mtoto mgongoni. Mchumba akaondoka, na hasira ikakaa mahali pake. Yola alipouliza mama yuko wapi, alijibiwa: "Mama yako malaya. Alikutupa kama ganda la ndizi." Alijibiwa hivyo akiwa na miaka mitano, akiwa na kumi, na siku ya harusi yake.

Jumatatu, makumbusho yakiwa yamefungwa, wakamleta mganga.

Saturnino Quelca hakuwa mzee. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, koti la ngozi, simu mbili, na kovu lililoshuka kutoka sikioni mpaka kifuani pale radi ilipompiga akichunga llama, wanyama wa sufu wa milimani, ikamwachia uganga. Ilikuwa Agosti, mwezi ambao ardhi ina njaa ya sadaka na waganga hawapati hata nafasi ya kula, na alikuja akilalamika.

"Sijawahi kupanda ndege," aliwaambia, akilitazama dubwana lile juu hadi chini, "na leo sipandi. Nitafanyia kazi hapa chini."

Aliweka jiko la makaa chini ya bawa. Akapanga juu ya karatasi pipi za rangi, sufu na mafuta ya llama, akanyunyiza pombe kali pande nne. Akarusha majani ya koka juu ya kitambaa, akayatazama. Akayakusanya, akarusha tena. Utani ukamtoka usoni.

"Nani kasema jini?"

"Mimi," alisema Eusebio.

"Humu hamna jini. Jini mmoja ningemweza. Humu mna watu. Watano. Na wana hasira mpaka majani yananiunguza vidole."

"Wanataka nini?" Primitiva alinong'ona.

"Sijui. Ngoja niwape mdomo."

Akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Moshi wa jiko ulisimama wima, halafu ukajipinda kuelekea mlango wa ndege kama unaovutwa pumzi. Eusebio, aliyekuwa ameshika chupa ya pombe, akaiachia ikapasuka. Mabega yake yakashuka. Mikono yake ikafanya kama inavuta shali kufunika kifua. Mtu wa kilo tisini, masharubu kama brashi. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke, yenye mikwaruzo kidogo, ya mtu aliyezoea kunadi sokoni.

"Primi. Mbona umesimama mbali kama mgeni?"

Primitiva akasogea hatua moja. "Dada?"

"Usiniite dada. Dada yako si yuko Beni na mwanaume?"

"Walituambia hivyo. Karani alisema..."

"Karani alisema! Na wewe? Mimi ndiye niliyekufundisha kutembea. Nilikubeba mgongoni kabla sijambeba mwanangu. Ulinijua, Primi. Ulidhani naweza kumtupa mtoto wa miaka miwili?"

"Baba ndiye aliyekataza..."

"Baba amekufa. Nakuuliza wewe."

Mganga alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa gurudumu la ndege. Sauti ikaendelea, sasa bila kupumzika, kwa haraka ya mtu aliyelimeza neno miaka mingi.

"Tulikuwa watano juu ya nyama. Wawili walikufa palepale. Mimi nilivunjika miguu yote miwili, Remigia na Tomasa walikuwa hai pia, na siku mbili tulikaa ndani ya mkia huu, tumejifunika nyama tusigande, tunakula shahamu mbichi, tunakwaruza bati kwa kucha ili atakayepita asikie, na siku ya tatu wakapanda askari, na luteni wao, kijana, akachungulia mlangoni, akaniangalia mimi machoni, na mimi nikatabasamu, Primi, nilitabasamu kwa sababu nilidhani tumepona, akasema, 'Subirini mama zangu, nafuata machela, narudi.' Akashuka. Akahesabu wanaume watatu. Hakurudi."

Ndipo mlango mkubwa wa banda ukalia, mwanga ukaingia, na Kanali Urioste akasimama katikati ya mwanga huo. Alikuwa amefuata hotuba yake ofisini. Aliona makaa, moshi, chupa iliyopasuka.

"Moto! Mnawasha moto chini ya ndege zangu? Washenzi nyie! Nani kamruhusu mchawi huyu..."

Mwili wa Eusebio uligeuka. Kichwa kiligeuka kwanza.

"Luteni," ilisema sauti ile, kwa upole uliotisha kuliko ukali wote. "Umerudi."

Kanali akarudi hatua moja nyuma. Primitiva alimtazama, na alichokiona usoni mwake kilimtosha. Kanali hakuuliza ni nani anayezungumza.

"Machela iko wapi, Luteni?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na minne," Kanali alisema, na haikujulikana anamwambia nani. "Jenerali wetu alikuwa na hisa kwenye kampuni. Ingefungiwa kwa kubeba abiria. Waliniambia niseme watatu. Nilipopelekwa tena walikuwa wameshanyamaza, na tulipowasukumia kwenye ufa wa barafu... walikuwa wameshanyamaza, naapa."

"Ulimwonyesha baba yangu karatasi!" Primitiva alikuwa ameshamfikia. "Ulimtazama mzee usoni, ukamwambia mwanamke hakuna!" Akamkamata kola, mwanamke huyu aliyesema ndiyo afande miaka sita, akamzaba kofi lililorusha miwani yake. "Na nimekufagilia! Nimekupikia chai!" Akamzaba la pili.

"Mwache," ilisema sauti. "Wewe na yeye mlinizika pamoja. Mwache apande. Aje atuhesabu."

Hakuna aliyemsukuma. Kanali alipanda ngazi mwenyewe, huku analia "hapana, hapana," mikono inang'ang'ania vyuma na miguu inapanda bila kumsikiliza. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Kutoka ndani wakamsikia. "Mmoja." "Wawili." Kila namba ilichukua muda mrefu kuliko iliyoitangulia, na kati ya namba na namba palisikika kitu kikiburutwa juu ya mbao zenye mafuta, kizito, kikimsogelea, na pumzi yake ikazidi kuwa fupi kama ya mtu aliyepelekwa juu sana pasipo hewa, "Watatu," akilia, "Wanne," akiomba msamaha kwa Kiaymara, lugha ambayo siku zote alikuwa akiikejeli, hadi "Watano," iliyotoka nyembamba kama ya kitoto kichanga. Mlango ukafunguka. Eusebio akaanguka chini, amezimia.

Kanali hakufa, lakini hakupata joto tena. Walimweka juani na blanketi nne, madaktari wakampima wasione kitu, na saa sita mchana nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa barafu. Sherehe yake haikufanyika. Siku ya nane akaita mwanasheria, akaeleza yote, akaonyesha kwenye ramani ule ufa. Mwishoni mwa Septemba wapanda milima wakashusha mifupa ya wanawake watano, na kila familia ikazika wa kwake.

Habari hizo Primitiva alimpelekea Yola mwenyewe. Yola alikuwa mshonaji. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuusimamisha mguu wake kwenye cherehani.

"Siku ya harusi yangu," alisema, "nilikuuliza kama nimwekee mama kiti. Unakumbuka ulinijibu nini?"

"Nakumbuka."

"Sema."

"Yola, mwanangu..."

"Mimi si mwanao." Cherehani ikasimama. "Nimemlaani mama yangu kila siku ya maisha yangu, kwa mdomo ulionipa wewe. Toka."

Hata baada ya mazishi, shahamu iliendelea kuganda kwenye sakafu ya ndege. Mganga akasema mifupa imeshuka lakini wenyewe bado wamekaa mkiani. Akarudi alasiri moja na familia zote tano, kila moja na shali ya mtu wake. Kila familia ilipunga shali yake kuelekea mlangoni, naye akaita jina mara tatu: "Njoo. Twende nyumbani." Shali moja baada ya nyingine ziliwalemea watu mikononi, kama nguo inayonywa maji, wakazikunja, wakaondoka wakilia. Ikabaki moja. Yola aliishika, mganga akaita Bonifacia, akaita tena, akaita mpaka jasho likamlowesha ukosi wa koti. Shali ilibaki nyepesi.

"Hataki," alisema. "Anasema kuna mtu hajasema."

Primitiva alijua. Alivua kofia yake. Walikuwepo Eusebio na mke wake, majirani, na kijana wa televisheni na kamera yake, lakini hakuwajali. Alisema kwa nguvu, ili ifike mkiani.

"Nilisema dada yangu malaya. Nilimwambia mtoto wake. Nimesema miaka ishirini na minne, na sikuwahi kwenda kuuliza mara ya pili, kwa sababu nilipenda kumkasirikia kuliko kumtafuta."

Shali ikazama mikononi mwa Yola mpaka viwiko vikashuka. Harufu ikakatika ghafla, kana kwamba haikuwahi kuwepo. Yola akaikunja, akaifunga mgongoni kama mtu anavyombeba mtoto, akatoka bila kumtazama mama yake mdogo.

Watu wakasema limekwisha. Sakafu ilibaki kavu wiki ya kwanza, ya pili, mwezi mzima. Eusebio akaingia kupaka rangi ndani, peke yake, akipiga mluzi.

Tarehe mosi Novemba, sikukuu ya wafu, Primitiva aliamka mapema akaoka mikate ya wafu, yenye nyuso za watu. Akaifunika kwa kitambaa safi, akatembea nayo hadi kwa Yola, akafika saa sita kamili mchana, saa ambayo roho huwasili kula. Alibisha. Yola akafungua mlango kiasi cha upana wa bega. Nyuma yake meza ilionekana imeandaliwa, mishumaa inawaka, na kijiko kilikuwa kikigonga sahani mbele ya kiti kisicho na mtu.

"Nimemletea dada mikate," Primitiva alisema.

Yola aligeuza shingo kidogo, kama mtu anayesikiliza chumba cha ndani. Halafu akamtazama tena.

"Mama mdogo, mama amesema usiingie."

"Amesema lini?"

"Sasa hivi," Yola alisema, akafunga mlango.